Jibu la Mama Fifi kwa Mdomo Wangu

Binti uliyekuja kwangu hapa Katuba, Lubumbashi, wiki iliyopita na tablet mkononi, wewe mwenye miwani na viatu vya kuazima (nilijua ni vya kuazima, ulikuwa unachechemea), maneno haya ni yako kwanza. Kisha ni ya wenzako wote mnaoingia kazi ya kuzunguka mitaani mkiuliza watu maoni yao. Hukujua kwamba mzee uliyemkuta kwenye kiti cha plastiki alifanya kazi hiyo hiyo mpaka nywele zikawa nyeupe. Sikukwambia. Nilitaka kuona mnafundishwaje siku hizi.

Mengi uliyafanya vizuri. Ulipiga hodi ukangoja. Uliletewa maji ukayanywa. Ulinisalimia mimi, ukamsalimia na mke wangu, Mama Fifi, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni. Ukaniuliza maswali yako juu ya uchaguzi na wagombea, nikajibu yote kwa mbwembwe. Halafu ukaniangalia mimi, si yeye, ukasema, "Na mama, ye anaona namna gani?" Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikajibu, "Mama ye anaona sawa vile miye minaona." Ukagusa kioo cha tablet, ukashukuru kwa adabu, ukaenda kwa jirani.

Tuliharibu kazi sote wawili. Wewe bado mgeni, utasamehewa. Mimi sina la kujitetea, maana kosa hilo nililijua kwa jina lake na sura yake, na lilikaribia kuifunga ofisi yetu nzima.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili mjini, juu ya duka la vikwembe, yaani vitenge. Wenye redio, wenye viwanda vya sabuni na wanasiasa walikuwa wanatutuma tuwaulizie watu. Mkubwa wetu alikuwa Mama Odia, binti wa mwalimu aliyekuja zamani kutoka Kasai, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupanga watu mstari. Mimi nilipewa Katuba kwa sababu ndiko nilikozaliwa, nyumba ya mfanyakazi wa reli. Hatukuwa na tablet. Tulikuwa na ubao, karatasi, na kalamu ya risasi, kwa kuwa masika ya Lubumbashi hayana urafiki na wino. Siku moja mwenzangu aliyependa kalamu za kifahari alirudi ofisini na karatasi zote zimegeuka ziwa la buluu, akadai anaweza kuyakumbuka majibu. Mama Odia akamwambia arudi akaulize upya, kwa miguu.

Ngoja niwape machache ya bure. Shati jeupe na suruali nyeusi msivae, watu watadhani mmetoka kwenye kodi, na mtakuta parcelle, yaani uwanja wa nyumba, haina mtu ila kuku. Kiti mkipewa, kigeuzeni kidogo ili mgongo wenu uelekee barabarani. Mpita njia asipoona uso wako hatasimama kusikiliza. Mama anayewasha mbabula yake, jiko la makaa, msimwulize kitu. Macho yamejaa moshi, makaa hayashiki, na yeyote utakayemtajia wakati huo atakuwa mtu mbaya kwake. Na mwanamke akikwambia "sijui", usikimbilie kuandika "hajui". Mara nyingi anataka kusema kwamba bwana yake anasikia. Mara nyingine anataka kusema swali lako ni la kijinga, ila amelelewa vizuri.

Hiyo ya "sijui" mimi nilichelewa kuijua. Kwetu, mgeni mwanaume akiingia parcelle, kiti kinaletwa, na baba mwenye nyumba anaitwa hata kama amelala. Mama analeta maji, anapiga goti kidogo, anaenda zake. Ukimwomba akae nawe pembeni umwulize maswali, kesho yake avenue nzima itakuwa na habari zako. Na ofisi ilitaka nusu ya karatasi ziwe za wanawake. Kwa hiyo nilijitengenezea njia ya mkato. Baba akishajibu, namwuliza, "Na mama?" Anasema, "Mama ni sawa na miye." Nachukua karatasi ya pili, naandika "mwanamke", nanakili. Kazi ya siku mbili naimaliza kwa moja. Ofisini nilisifiwa kwa kasi yangu, nami nikavimba kichwa.

Ikaja kura ya madiputé, wabunge wa jimbo. Wagombea walikuwa wengi hata karatasi yao ilikuwa pana kuliko gazeti, lakini mitaa yetu ilikuwa na kelele za watu wawili. Mmoja alikuwa Maître Anaclet, wakili, mwenye kofia nyingi za kugawa, aliyeahidi kutengeneza barabara na kupigania kituo kizuri cha malori kule Kasumbalesa, mpakani. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, Papa Gaston, mwenye suti moja na megafoni mbovu, aliyeahidi kuchimba visima viwili. Mimi nilikuwa mtu wa Anaclet. Kofia yake ilikaa sebuleni kwangu juu ya redio, na kila jirani nilimwambia kwamba nyumba hii nzima ni ya Maître.

Ndiye huyo Maître aliyetupa kazi tumwambie kama atashinda. Nikaenda Katuba na ubao wangu, nikarudi na furushi la karatasi. Mambo yalikuwa safi: wanaume barabara, wanawake barabara, Maître juu. Mama Odia alizisoma moja moja, akaniita, nami nikaenda nikitabasamu.

"Papa Donatien, bamama ba Katuba beko banaendesha camion?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Malori banaendesha banaume."

"Juu ya nini bote banalia parking ya Kasumbalesa? Huyu hapa amesema kintu chenye kinamusumbua asubui ni bapolisi ba barrière ya barabara. Mama wa batoto saba! Anapita barrière gani, ya kuenda ku kitanda?"

Nikaanza kujikunakuna. Akaziweka mbili juu ya meza, ya bwana na ya bibi. Hata makosa yangu ya kuandika yalikuwa mahali pamoja. Hakupiga kelele, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema kwamba Maître anangoja utabiri wetu ausome redioni, mji mzima usikie. Tukitabiri uongo, hakuna atakayetutuma tena, ofisi itafungwa, na wasichana wawili tulio nao mtaa wa Kampemba, ambao walikuwa wanauliza wanawake vizuri, watakosa kazi kwa ajili ya uvivu wangu. Akanipa siku tano nirudi Katuba niwaulize wanawake wenyewe.

Hapa nitoke njiani kidogo. Wakati wa uhuru, katika kura zile za kwanza, wanaume peke yao ndio waliopiga. Wanawake walipewa kura baadaye, nchi ikiwa tayari na bendera yake. Mama yangu alinisimulia kwamba siku ile baba alirudi na shati la misa, akakaa mezani kama askofu, akasema, "Nimetupigia kura shiye bote." Mama akamwekea bukari, ugali wetu, akamwuliza, "Na miye, nimechagua nani?" Baba akaendelea kula. Mama alikuwa anacheka kila aliposimulia, nasi watoto tulicheka naye. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote, na huku kazini nafanya kile kile cha baba, tena kwa avenue nzima.

Basi, siku tano. Nikienda nyumbani kwao, baba yupo. Nikienda sokoni, mama anahudumia wateja. Nilijaribu kwenye foleni ya maji, ambako wanawake walikuwa wanangoja na bidoni, madumu yao, tangu alfajiri. Huko wa kwanza akijibu, wote walio nyuma wanajibu kama yeye, kisha wanaanza kubishana, na bidoni moja ilinipita karibu na sikio. Siku mbili zikaisha hivyo.

Siku ya tatu nilikuwa napita karibu na mashine ya kusaga mahindi, mnaijua kelele yake. Nikaona mabibi wamekaa na mabeseni yao, kila mmoja akingoja zamu, bila kazi ya mikono. Kila mtu anaonekana barabarani, hakuna atakayesema umejificha na mke wa mtu. Na hakuna anayesikia kitu! Hata mwenye mashine alikuwa anaongea kwa vidole. Nikasimama pale kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Kwa kuwa sauti haifai, nilichora picha: lori barabarani, bomba la maji, shule, taa. Nikakata na sura za wagombea kutoka kwenye matangazo yao. Sasa, kuchora sikujaliwa. Mama wa kwanza aliangalia bomba langu, akalishika, akaligeuza, akanifokea sikioni, "Papa, huyu jogoo njo anagombea wapi?" Nikaongeza matone chini yake. Wa pili akauliza jogoo ana ugonjwa gani. Mwishowe habari ilienea foleni nzima kwamba jogoo ni maji, na kazi ikaenda. Kila mmoja anasogea, naweka picha juu ya ubao, mgongo wake kwa wenzake, anaonyesha kwa kidole, naandika. Hakuna "sijui" hata moja.

Msidhani walijibu kama kwaya. Walioenda kuuza Kasumbalesa walionyesha lori haraka kuliko madereva. Wasichana walionyesha taa. Kulikuwa na mgombea mwanamke, na nilidhani mabibi watamkimbilia kwa kuwa anavaa kikwembe kama wao, kumbe mmoja alisukuma picha yake pembeni akanifokea, "Huyu ni jirani yangu, mi minamujua!" Lakini vidole vingi, vingi sana, vilienda kwenye jogoo. Na vilivyoenda kwenye jogoo vilienda pia kwa Papa Gaston na suti yake moja. Lori la Maître lilikuwa linapendwa na wale wanaolipanda, na ndoo ilikuwa inabebwa na wale ambao sikuwauliza kamwe.

Wakati huo mtaa nao ulikuwa na kazi yake. Papa Donatien anashinda na wanawake wa mashine, anawainamia sikioni, anawaonyesha picha. Ikasemwa kwamba natafuta deuxième bureau, yaani bibi wa pembeni. Habari ilifika kwa Mama Fifi kabla sijafika mimi. Hakuniuliza kitu. Siku ya nne, katikati ya foleni, nikaona kikwembe ninachokijua: mke wangu, na beseni la mahindi ambayo hayakuhitaji kusagwa, kwa maana unga ulijaa nyumbani. Akakaa kama wengine. Zamu yake ikafika, akasogea mbele ya ubao.

Mwenye mashine, kwa bahati yangu mbaya, alikuwa amezima injini aweke mafuta. Kulikuwa kimya kabisa.

"Niulize," akasema Mama Fifi.

"Weye hapana," nikanong'ona. "Yako nilisha kuijaza."

Foleni nzima ikalipuka. "Amejaza ya bibi yake bila kumuliza!" Mmoja alijipiga mapaja. Mwingine akataka kujua kama namlia na chakula chake pia. Mama Fifi peke yake hakucheka. Aliniangalia tu, macho makavu.

"Papa Fifi," akasema, "miaka yote tunalala mu nyumba moja. Uliniuliza siku gani?"

Nikatafuta siku moja. Sikuipata. Nilimjua anavyopenda chumvi, najua anakohoa vipi mvua ikikaribia, lakini anataka nini kwa mji huu sikuwahi kumwuliza. Nikatoa karatasi mpya. Mashine ikawashwa, kelele ikarudi, nikashukuru. Akanyoosha kidole chenye unga, akagusa jogoo. Kisha akagusa Papa Gaston. Alama mbili nyeupe zikabaki juu ya picha zangu. Halafu akabeba beseni, akaenda nyumbani, na mahindi hayakusagwa.

Kofia ya Maître niliiondoa juu ya redio siku hiyo hiyo. Si kwa hasira. Niliona tu kwamba redio ni yetu sote.

Mama Odia aliandika utabiri: kwetu Katuba, Papa Gaston atatangulia. Maître alikuja ofisini mwenyewe, akausoma akiwa amesimama. "Haiwezekani," akasema. "Bibi yangu mwenyewe anasema barabara."

"Ulimuuliza, Maître?" nikamwambia. "Juu miye pia nilikuwa nasema vile."

Hakupenda. Aliapa kutangaza mji mzima kwamba ofisi yetu inapiga ramli kwa mahindi, na kweli alitangaza. Tulichekwa sana. Wiki ile Mama Odia alianza kufunga faili zake ndani ya maboksi, polepole, nami nilikuwa namsaidia kukaza kamba bila kuthubutu kumwangalia.

Siku ya kura ikapita. Asubuhi yake nilienda shule ya karibu, ambako matokeo ya kila chumba yalikuwa yamebandikwa mlangoni, nikasoma kwa kidole, chumba baada ya chumba. Papa Gaston, Papa Gaston, Papa Gaston. Mabibi wa mashine walikuwa wamejaa uwanjani, hawakuhitaji kusoma. Mmoja aliniona akaanza kuwika kama jogoo, wote wakaitikia, na mimi niliyekuwa mtu wa Anaclet niliwika nao. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Mama Odia nilimkuta anakata kamba za maboksi kwa mkasi. Baada ya siku chache Maître alituma mtu kuuliza, kwa siri, ile mashine ya kusaga iko avenue gani.

Msifikiri hadithi iliisha kwa harusi. Papa Gaston alichimba kisima kimoja, cha pili kikabaki shimo la kuchezea mbuzi. Kura iliyofuata vidole vile vile vya unga vilimtoa. Nilikuwa pale na picha zangu, niliviona vikihama.

Sasa turudi kwako, binti mwenye miwani. Ulipotoka kwangu, Mama Fifi alingoja mpaka ulipovuka barabara. Kisha akaweka ungo wa maharage chini, akaniuliza kwa upole kabisa, "Papa Fifi, na miye, nimejibu nini?"

Nilimsikia mama yangu. Nilimsikia mama yangu kabisa, na baba mezani na bukari yake. Na ukweli ni kwamba jibu la swali la tatu nilikuwa nimeshalisahau. Mama Fifi akaona uso wangu, akacheka mpaka maharage yakamwagika, nikainama kuyaokota moja moja. Miaka yote hiyo nimewafundisha vijana wasifanye hivyo, halafu umeniuliza mara moja tu kwa adabu, nikaanguka.

Kwa hiyo rudi, tafadhali. Njoo Alhamisi, saa nne ya asubuhi, mbabula itakuwa imeshika na vyombo vimeoshwa. Fika na viatu vyako mwenyewe. Utamkuta Mama Fifi, nimemwambia utakuja, amesema ana mengi. Futa kile ulichoandika, muulize yeye, umwangalie yeye. Akishajibu usiniambie, ataniambia mwenyewe akitaka.

Mimi hutanikuta. Nitakuwa kwenye mashine ya kusaga na beseni la mahindi kichwani; wanaume wa kwetu watacheka, na wacheke. Usimharakishe Mama Fifi. Foleni ikiwa fupi, nitawaacha wote wenye haraka wapite mbele yangu.